Nusu eka au robo eka: pembetatu ya Mabokweni

Karatasi ya mauziano aliyotuachia marehemu baba haina ramani. Ina mwandiko wa wino wa bluu, majina ya mashahidi, na vipimo vitatu vya kiwanja chenye kona tatu kilichopo Mabokweni, pembezoni mwa jiji la Tanga ukiwa unaelekea Horohoro. Kutoka kwenye mvinje hadi kwenye mwembe, kando ya njia, mita 80. Pembe iliyopo kwenye mvinje, digrii 35. Kutoka kwenye mwembe hadi kona ya tatu, mita 50. Basi. Upande unaobaki, kutoka mvinje hadi kona ya tatu, haukuandikwa urefu wake. Wanaokumbuka wanasema pale palikuwa pori la mkonge uliotelekezwa, na aliyepima hakuona sababu ya kuburuta futi kamba kwenye miiba wakati dira anayo mkononi. Alisimama kwenye mvinje, akasoma mwelekeo wa njia, akasoma mwelekeo wa mstari wa minyaa unaokwenda kona ya tatu, akatoa tofauti, akaandika 35.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye karatasi ya namna hiyo kabatini, na kwa vijana wa kidato cha nne wanaoipita mada ya pembetatu haraka haraka kwa kuwa inaonekana ni ya mtihani tu. Ukivitazama vipimo vile vitatu unaridhika kwamba kila kitu kipo. Hakipo. Pande mbili na pembe ambayo haikai kati ya pande hizo zinaweza kukujengea pembetatu mbili tofauti, zote halali, na hesabu yenyewe haikuambii ipi ni ya kwako.

Baada ya arobaini ya baba, kaka mkubwa na mama walikubaliana kiwanja kiuzwe, ada za wadogo zilipwe na nyumba yetu ya Ngamiani iezekwe upya. Kaka akamlipa kijana mmoja wa mjini anayechora ramani za nyumba, shilingi laki moja na nusu, atafute ukubwa wa eneo. Kijana hakufika shambani. Aliingiza namba kwenye kikokotoo, akaleta karatasi safi iliyochapwa: upande wa tatu mita 85.4, eneo mita za mraba 1,959. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo tulikuwa na nusu eka kasoro kidogo. Kaka akaitangaza nusu eka. Mnunuzi akapatikana, akatoa milioni mbili za mwanzo, wakaandikishana mbele ya mashahidi.

Siku ya kuchomeka vigingi, mzee wa shamba la jirani alitoka kwake taratibu akaja kusimama kando yetu.

"Shikamoo baba," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Sasa mbona kigingi mnakichomeka kwenye mihogo yangu? Marehemu na mimi tumekaa hapa miaka yote bila neno. Kona yake ni kule mlikopita, penye rundo la mawe."

Kaka akamwonyesha karatasi. Mita 50 kutoka kwenye mwembe. Futi kamba ikavutwa kutoka kwenye mwembe hadi kigingi chetu: mita 50. Mzee naye akaomba ivutwe kutoka kwenye mwembe hadi rundo lake la mawe. Mita 50 vilevile, labda pungufu ya kiganja. Na vyote viwili, kigingi na rundo la mawe, vilikuwa juu ya mstari uleule wa minyaa unaotoka kwenye mvinje. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Mnunuzi alikunja nakala yake ya karatasi akaiweka mfukoni, na nilimwona kaka uso umembadilika.

Jioni ile nyumbani palikuwa pagumu. Kaka alisema mzee amehamisha mawe. Mama alilia, kwa sababu mzee yule alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la baba. Mimi nilikwenda kumgongea mpwa wangu aliye kidato cha nne, nikamwomba daftari lake la hesabu na kile kitabu cha majedwali ya namba za tarakimu nne. Tulikaa mezani na karatasi tupu hadi usiku.

Tulichora kwanza. Kwa mtu yeyote anayeanza kazi hii nashauri achore kabla ya kugusa kikokotoo, na achore kwa rula na kipimapembe, siyo kwa mkono tu. Mstari wa sentimita 8 kwa ajili ya njia, Mvinje mwisho mmoja na Mwembe mwisho wa pili. Pembe ya digrii 35 kwenye Mvinje, na mstari mrefu unaoondoka pale bila kujua utaishia wapi. Kisha bikari inafunguliwa sentimita 5, ncha inawekwa kwenye Mwembe, unazungusha. Tao likaukata ule mstari mara mbili. Mpwa wangu akaniangalia. "Mama mdogo, ni hii hii ya darasani. Mwalimu alisema ikija hivi kuna majibu mawili."

Kwa hesabu inakuwa hivi. Kanuni ya saini (kwa Kiingereza sine, namba ya kila pembe unayoisoma kwenye jedwali) inasema upande wowote wa pembetatu ukigawanywa kwa saini ya pembe inayoutazama, jibu ni lilelile kwa pande zote tatu. Si kanuni ya jana. Nasir al-Din al-Tusi aliieleza kwa pembetatu bapa katika karne ya 13. Upande wa mita 50 unatazamwa na pembe ya Mvinje, digrii 35. Upande wa mita 80 unatazamwa na pembe ya kona ya tatu, ambayo ndiyo hatuijui. Saini ya 35 kwenye jedwali ni 0.5736. Zidisha kwa 80, unapata 45.89. Gawanya kwa 50, unapata 0.9178. Tafuta ndani ya jedwali pembe yenye saini hiyo: digrii 66 na dakika 36 (digrii moja ina dakika 60).

Hapo ndipo kijana wa mjini aliposimama, na ndipo kikokotoo chochote kinaposimama. Ukikibonyeza kirudishe pembe kutoka kwenye saini chanya, kinakupa pembe kali, iliyo chini ya digrii 90, peke yake, kwa sababu kimetengenezwa kutoa jibu moja. Lakini pembe na ile inayoikamilisha hadi digrii 180 zina saini moja. Toa 66 na dakika 36 kwenye 180, unapata digrii 113 na dakika 24, na saini yake nayo ni 0.9178. Hii ni pembe butu, yaani inayozidi digrii 90, na kikokotoo hakitaitaja hata siku moja usipoiuliza mwenyewe.

Jaribu zote mbili. Ya kwanza: 35 na 66°36' jumla yake 101°36', kwa hiyo kwenye Mwembe inabaki 78°24'. Saini yake 0.9796, zidisha kwa 50, gawanya kwa 0.5736, upande wa tatu ni mita 85.4. Ya pili: 35 na 113°24' ni 148°24', kwenye Mwembe inabaki 31°36', saini yake 0.5240, na upande wa tatu ni mita 45.7. Pembe zote zimefika 180 bila kuvunja sheria yoyote. Eneo la ile ya kwanza ni mita za mraba 1,959, la pili ni 1,048 hivi. Nusu eka kasoro, au robo eka na kidogo. Tofauti ya mita za mraba 911 ndiyo iliyokuwa na mihogo ya mzee.

Kuna njia ya kujikagua ambayo mpwa wangu aliijua na mimi sikuwa nayo kichwani. Tumia kanuni ya kosaini (cosine), ile inayounganisha pande tatu na pembe moja, upande usiojulikana uuache kama herufi, utapata mlinganyo wa kipeo cha pili wenye majibu mawili. Majibu hayo yakijumlishwa lazima yalingane na mara mbili ya 80 mara kosaini ya 35, yaani 131 na pointi kidogo. Yakizidishwa lazima yalingane na kipeo cha pili cha 80 ukitoa kipeo cha pili cha 50, yaani 6,400 ukitoa 2,500, ni 3,900. Chukua 85.4 na 45.7: jumla 131.1, na zao lake ni 3,900 na ushee. Tukajua hatujakosea mahali.

Asubuhi yake nilimwomba kaka twende shambani na kamba ya katani. Hakutaka. Alisema namsaidia jirani dhidi ya damu yangu, neno lililoniuma na ambalo tulikuja kulizungumza baadaye. Nikaenda na mpwa wangu, na mzee mwenyewe akaja. Tulifunga kamba kwenye shina la mwembe, tukaivuta vizuri kando ya futi kamba, tukapiga fundo kwenye mita 50. Angalia: katani huvutika, kwa hiyo ipime ikiwa imekazwa kwa nguvu ileile utakayoitumia. Nikashika fundo nikaanza kutembea kutoka upande wa mvinje, kamba ikizunguka kama mlango kwenye bawaba. Fundo likagusa minyaa penye rundo la mawe. Nikaendelea kuufuata mstari wa minyaa: kamba ikalegea. Katikati, kama mita 65 kutoka kwenye mvinje, ilikuwa imezidi kwa mita nne hivi, kwa sababu pale ndipo mstari ulipo karibu kabisa na mwembe, mita 45.9. Kisha ikaanza kukaza tena, na fundo likafika kwenye kigingi chetu, karibu mita 40 kutoka kwenye rundo.

Kuiona kwa miguu kulinifungua macho kuliko daftari. Mwembe, rundo la mawe na kigingi vinafanya pembetatu yenye pande mbili sawa, kamba moja mita 50 huku na mita 50 kule. Basi pembe zake za chini zinalingana: digrii 66 na dakika 36 kwenye kigingi, na ileile kwenye rundo la mawe kwa upande wa ndani. Kiwanja kidogo kinaichukua pembe ya upande wa pili wa rundo hilohilo, kwenye mstari ulionyooka, ndiyo maana inakuwa 180 ukitoa 66 na dakika 36. Ukishalisimamia jambo hili ardhini hutalisahau mtihanini.

Mzee alinyamaza akiitazama kamba. Mwishowe akasema, "Kumbe mtoto wa marehemu hakusema uongo, na mimi sikusema uongo." Nafikiri sentensi ile ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu kuanzia hapo hatukuwa tena watu wanaoitana wezi.

Lakini bado hatukuwa na jibu. Nataka hili lieleweke vizuri. Hakuna kanuni ya kuchagua kati ya pembetatu mbili halali. Kinachochagua ni taarifa ya nne. Tulitafuta kwenye minyaa, haikusaidia, kwa sababu ule ni mpaka mrefu wa shamba la nyuma na unapita kwenye sehemu zote mbili. Rundo la mawe lilikuwa ushahidi wa upande mmoja. Mchoro mdogo pembezoni mwa karatasi ya baba ulionyesha kona kali, lakini umechorwa kwa mkono bila kipimo chochote, na mchoro wa namna hiyo usiutegemee hata kidogo, uwe wa karatasi ya mauziano au wa swali la mtihani.

Suala likafika Baraza la Kata. Kwa migogoro ya ardhi baraza hilo siku hizi halitoi hukumu, linasuluhisha; mkishindwana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliuliza swali ambalo sisi wote tulilipita: shamba lililo ng'ambo ya minyaa ni la nani? Lilikuwa la bibi mmoja anayeishi Chumbageni kwa mwanawe. Huyo hakuwa na cha kupata wala kupoteza. Tulimfuata, tukaamkia, tukakaribishwa chai, na baada ya mazungumzo marefu sandukuni ikatoka karatasi yake. Imeandikwa kwamba shamba lake, kuanzia kwenye mvinje, linapakana na baba yetu kwa mita 46, kisha linapakana na mzee.

Mita 46. Hesabu ilikuwa imetabiri 45.7 au 85.4.

Tukarudi mezani, safari hii kaka akiwepo, tukaachana kabisa na dira. Ukiwa na pande tatu huna utata wowote, na kanuni ya kosaini haina mtego wa saini, kwa sababu kosaini ya pembe butu inajitambulisha kwa alama ya kutoa. Kona ya tatu: 2,500 jumlisha 2,116 toa 6,400, gawanya kwa mara mbili ya 50 mara 46. Inakuja hasi 0.3878, yaani digrii 112 na dakika 49. Pembe butu, hakuna la kubishana. Pembe ya Mvinje kwa njia hiyohiyo ikatoka digrii 35 na dakika 11. Mtu yule wa zamani na dira yake alikuwa amepata karibu kabisa, na nilimheshimu sana pale. Eneo tulilitafuta kwa kanuni ya Heron wa Aleksandria inayotumia pande tu: nusu ya mzunguko ni 88, zidisha 88 kwa 8 kwa 42 kwa 38, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita za mraba 1,060. Kaka aliirudia mwenyewe mara kwa mara, kisha akaweka kalamu chini. Robo eka.

Siwezi kusema haikuuma. Tulikuwa tumeshaipangia nusu ile. Kaka alikwenda kwa mnunuzi, akamweleza yote na kumwonyesha michoro. Yule bwana akakubali robo kwa bei yake, na sehemu ya fedha za mwanzo ikarudishwa, nyingine zikiwa tayari zimeshalipwa ada. Mama alitoa akiba yake kufidia. Laki moja na nusu ya kijana wa michoro haikurudi.

Kwa mwenye vipimo kama vyetu, hatua ya kwanza ni kutafuta ule umbali mfupi kabisa: upande ulio kando ya pembe, zidisha kwa saini ya pembe hiyo. Kwetu ni 45.9. Upande unaoitazama pembe ukiwa mfupi kuliko huo, pembetatu haipo, kuna kipimo kilichokosewa. Ukilingana nao, ni moja yenye pembe mraba. Ukiwa mrefu kuliko huo lakini mfupi kuliko ule wa kando, kama 50 yetu kati ya 45.9 na 80, ziko mbili. Ukifikia au kuzidi ule wa kando, ni moja. Na kama pembe uliyopewa yenyewe ni butu, mbili haziwezekani kamwe: ni moja, au hakuna.

La pili ni dira. Pembe yetu ingesomwa 36 badala ya 35, upande wa tatu ungekuwa 81.7 au 47.7 badala ya 85.4 au 45.7, kosa la digrii moja linasogeza kona karibu mita nne au mbili. Ingesomwa 39, umbali mfupi ungekuwa mita 50.3 na kamba ya mita 50 isingefika kwenye minyaa kabisa. Kadiri upande unaoitazama pembe unavyokaribia umbali ule mfupi, ndivyo kosa dogo linavyoleta hasara kubwa. Kwa hiyo kama unaweza kufika kwa futi kamba, pima upande wa tatu hata kama una miiba. Na ukitumia dira, kaa mbali na bati, waya wa uzio na pikipiki.

Kwa wanafunzi: swali likikupa pande mbili na pembe isiyo kati yake, andika majibu mawili kwanza, kisha futa lile linalofika au kuzidi 180 likijumlishwa na pembe uliyopewa. Na ukiwa na pande tatu ukataka pembe, anza na pembe inayotazama upande mrefu kuliko zote kwa kosaini. Kama kuna pembe butu ni hiyo tu, na nyingine zote utazipata kwa saini bila wasiwasi.

Karatasi mpya ya mauziano imeandikwa pande zote tatu, 80, 46 na 50, pamoja na eneo, na majina ya wanaopakana kila upande. Mzee na bibi wa Chumbageni wametia sahihi kama mashahidi. Kinachosubiriwa ni mpima aliyesajiliwa aje kuweka bikoni, yaani nguzo za mipaka, na gharama yake kaka na mnunuzi wamekubaliana kugawana.